Nilishinda, Kisha Nikapewa Kalamu ya Kuhukumu

Tovuti iliyotupatia kikombe kwenye mashindano ya watengeneza tovuti haikuwa na kitu cha kumshangaza mtu. Ilikuwa ya chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wa soko la Gikomba, Nairobi, watu wa mitumba na viatu, na kazi yake ilikuwa moja: mwanachama aingize nambari yake, aone akiba yake, aone mkopo umebaki kiasi gani, atoke. Hakukuwa na picha ya watu wanaotabasamu wakiwa wamekumbatia laptopu. Hakukuwa na maandishi yanayoruka kutoka kushoto. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mwepesi kuliko picha moja iliyopigwa kwa simu, kwa sababu katibu wa chama alituonya mapema: "Vijana wangu, hawa watu wananunua bando la shilingi ishirini. Mkilimaliza kwa mapambo watanipigia mimi, si nyinyi."

Tulishinda. Nilipanda jukwaani, nikapokea kikombe, nikapigwa picha na mdhamini, nikarudi mezani kwa kuku aliyekwisha poa. Baadaye niliwaandikia waandaaji kuuliza jambo dogo: majaji waliona nini? Niliuliza kwa sababu ya kikazi kabisa. Kama walipenda wepesi, tungeusukuma zaidi. Kama walipenda mpangilio wa rangi, mbunifu wetu alistahili nyongeza. Jibu lilikuja lenye adabu, likinipongeza upya. Karatasi ya alama haikuwepo. Majaji walikuwa wamekaa, wakazungumza, wakakubaliana.

Tangu hapo nina msimamo ambao wenzangu wanauita ukaidi. Tuzo isiyoweza kumweleza aliyeshinda kwa nini ameshinda, na aliyeshindwa kwa nini ameshindwa, ni bahati nasibu yenye ukumbi wa kukodi.

Faida za kushinda zipo, nisizikane. Kwenye zabuni kuna mahali pa kuorodhesha kazi na tuzo, na mstari ule mmoja hukupandisha ngazi mbele ya kamati isiyojua kusoma msimbo wa kompyuta. Vijana wa ofisini walitembea wameinua mabega kwa muda mzuri. Wateja wapya nao walikuja, ila wengi walikuja kwa sababu ya kikombe wala si kwa sababu ya tovuti. Mwenye hoteli mmoja alituambia anataka "ile ile iliyoshinda," halafu akaongeza kwamba yake iwe na video inayocheza yenyewe, theluji ikianguka Desemba, na muziki. Theluji, Nairobi. Nilimwonyesha ile iliyoshinda kwenye simu yangu. Aliitazama, akanitazama, akauliza, "Hii ndiyo ilishinda?"

Halafu kuna beji, ile nembo ndogo ya kuonyesha kwamba umeshinda. Waandaaji walitutumia kipande cha msimbo tukibandike chini ya ukurasa wa kwanza ili dunia ijue. Nilikipima kabla ya kukiweka. Picha ya beji peke yake ilikuwa nzito kuliko ukurasa wote ulioshinda, na nyuma yake kulikuwa na skripti za kufuatilia wageni pamoja na kiungo cha kurudi kwa waandaaji. Kiungo hicho ndicho kilichokuwa biashara yenyewe. Injini za utafutaji huthamini ukurasa unaoelekezwa na kurasa nyingine nyingi, kwa hiyo mwenye kugawa beji mia anavuna viungo mia bila kulipa senti. Google inawataka wanaosambaza viungo vya namna hii waviwekee alama ya kuiambia injini isivihesabu. Kile chetu hakikuwa nayo. Tuliandika mstari mmoja wa maandishi matupu, tukautaja mwaka, tukaendelea na kazi.

Mchezo huu wa beji ni wa zamani karibu sawa na tovuti zenyewe. Mwaka 1994 Mmarekani Glenn Davis alianza kuchagua tovuti moja ya kuvutia kila siku, Cool Site of the Day, na kuchaguliwa kulileta umati. Wengine wakaiga, na kufikia mwisho wa miaka ya tisini kurasa za watu binafsi zilikuwa zimejaa vibandiko walivyopeana wenyewe kwa wenyewe. Tuzo za Webby, za kimataifa za tovuti, zilianza 1996 na bado zipo. Sifa yao moja inayonipendeza ni kwamba mshindi huruhusiwa hotuba ya maneno matano tu. Ningependa sana kuileta sheria hiyo kwetu, ila "itifaki imezingatiwa" imeshakula mawili.

Ukishashinda mara moja, jina lako linaingia kwenye orodha za watu usiowajua. Barua pepe zinaanza kumiminika: umeteuliwa kuwa kampuni bora ya tovuti Afrika Mashariki, hongera, thibitisha nafasi yako kwa kununua meza ya watu kumi. Wengine wanauza kikombe chenyewe, cha plastiki au cha kioo, na bei inategemea urefu. Wenzangu wengi wanasema tuzo yoyote inayotoza pesa ni utapeli. Hapo siko nao. Kusoma kazi za watu kunagharimu, na tuzo za tovuti zinazoheshimika, Webby na zile za kimataifa za Awwwards zikiwemo, hutoza ada ya kuingia. Mimi nauliza pesa inadaiwa lini. Ada iliyotangazwa, sawa kwa kila mmoja, inayolipwa kabla jaji hajafungua ukurasa, ni gharama ya kazi. Bili inayokuja baada ya hongera ni bei ya hongera.

Kikundi cha watu wa fani yetu kilipoamua kuanzisha tuzo ndogo hapa mjini, wakaniomba nisimamie majaji, nilikubali kwa sharti moja: kila alama itaandikiwa sababu, na sababu zitatoka hadharani. Walikubali haraka mno. Baadaye nilielewa kwamba hakuna aliyekuwa amefikiria maana yake.

Tulianza na mizani ya alama, na hapo ndipo ugomvi wa kwanza ulipozuka. Wengi walitaka tuchukue ya Awwwards kama ilivyo: ubunifu wa sura asilimia 40, urahisi wa kutumia 30, uvumbuzi 20, maudhui 10. Ni mizani nzuri kwa watu inaowahukumu, kampuni za sanaa zinazoonyeshana ustadi kwenye vioo vikubwa. Lakini mtu wa Nairobi anaingia mtandaoni kwa simu, kwa bando la kulipia kabla, mara nyingi akiwa njiani. Kwake ukurasa unaochelewa ni ukurasa usiokuwepo, na ukurasa mzuri usiomwambia bei ni porojo. Tuliigeuza mizani juu chini. Maudhui na urahisi vikabeba zaidi ya nusu, kasi ikapewa fungu lake, sura ikaja mwisho. Wabunifu wa sura hawakufurahi, na sikuwalaumu. Walikuwa wameniuliza swali la haki: kama uzuri hauna uzito, tunawapa nini vijana wanaochora? Tuliwapa kundi lao la peke yake. Hiyo ilikuwa siasa, na ilifanya kazi.

Kuhusu kasi sikutaka maneno. Google imechapisha vipimo ambavyo yeyote anaweza kuvirudia: kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukibonyeza, ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200, na vitu visirukeruke huku unasoma, kiwango kisizidi 0.1. Na yote hayo yatimie kwa angalau robo tatu ya ziara zinazofanywa. Shida ni kwamba vipimo vya maabara hufanyika kwenye mazingira ya kuigiza, na kampuni zimejifunza kuvipendeza. Kwa hiyo tulienda Luthuli, mtaa wa maduka ya simu, tukanunua simu ya bei ya chini kabisa iliyokuwepo, tukaweka laini, na kila jaji akatakiwa kuzifungua tovuti zote zilizofika raundi ya mwisho kwenye simu hiyo, kwa data, nje ya ofisi, bila waifai.

Jaji mmoja alifanya zake ndani ya matatu ya Rongai. Tovuti iliyokuwa inaongoza kwenye karatasi, kazi ya kupendeza kweli yenye picha za ukutani kote, aliibonyeza gari likiwa bado linaita abiria Railways. Alipofika Nyayo kiduara kilikuwa bado kinazunguka. Aliandika kwenye fomu yake: "Sijaiona. Siwezi kuipa alama kitu ambacho sijakiona." Kampuni ililalamika kwamba mtandao ulikuwa mbaya siku ile. Ulikuwa mtandao wa kawaida wa jioni ya kawaida. Tovuti nyingine zilifunguka ndani ya gari hilohilo.

Nadhani sehemu ya tatizo ni umri. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilipitia angani kwa setilaiti, ikawa ghali na nzito, na kila mtengeneza tovuti alihesabu kilobaiti kama mama anayehesabu nauli ya watoto. Kizazi kilichokuja baadaye kimekulia ofisini penye faiba. Hakijui njaa hiyo, na si kosa lake, lakini wateja wake bado wanaijua.

Jaji aliyenifundisha mengi zaidi haoni. Ni mwalimu wa kompyuta, anatumia programu ya kusoma kioo ambayo humtamkia kila kilichopo kwenye ukurasa. Tulikaa naye mchana mmoja nikimsikiliza akipita tovuti moja baada ya nyingine, na sauti ya mashine ikirudia, "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Picha." Mtengenezaji alikuwa ameweka alama ndogo za kupendeza bila kuzipa majina, kwa hiyo kwa mwalimu wetu ukurasa ule ulikuwa na vitufe kumi visivyo na jina hata kimoja. Tangazo la muhimu kuliko yote, tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, lilikuwa limeandikwa ndani ya bango la picha. Kwake halikuwepo.

Kisha tukafika kwenye tovuti za Kiswahili, na hapo nilicheka kwa uchungu. Kila ukurasa hubeba ndani ya msimbo wake lebo fupi inayotaja lugha. Watengenezaji wengi huanza na kiolezo kilichoandikwa kwa Kiingereza, wakabadilisha maneno, wakaiacha lebo. Mashine ikiona lebo ya Kiingereza husoma kila neno kwa matamshi ya Kiingereza. "Karibu nyumbani kwetu" ikatoka kama mtalii aliyeshuka ndege asubuhi ile. Mwalimu alisema amezoea, kwamba baada ya muda sikio hujifunza kutafsiri. Kurekebisha ni kuandika herufi mbili tu: s na w. Tuliwapa washiriki alama kwa herufi hizo, na mwaka uliofuata karibu wote walikuwa nazo. Sijawahi kuona mabadiliko makubwa yakinunuliwa kwa bei ndogo namna hiyo.

Rangi nazo tulizipimia kwenye kanuni za W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, zile ziitwazo WCAG za kuwafikia hata wenye ulemavu: maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu juu ya kijivu, mtindo unaopendwa sana na wabunifu wetu, huanguka mara moja. Ukitaka kujua kwa nini, toka nje na simu saa saba mchana, simama mahali pasipo na kivuli pale Kenyatta Avenue, ujaribu kusoma.

Majaji wenyewe walikuwa kazi nyingine. Nairobi ya watu wa tovuti ni ndogo. Kila mtu amewahi kuajiriwa na kila mtu, au amemwachia mwenzake mteja kwa hasira. Tuliwataka waandike mapema majina ya kampuni walizofanyia kazi, walizoziuzia, na zenye ndugu zao ndani, kisha wakatoka chumbani kazi hizo zilipofika. Mzee mmoja tuliyemheshimu sana aliona tunamvunjia adabu. "Mimi nimejenga hii fani," alisema, "mnadhani nitauza kura yangu kwa mtoto wa dada yangu?" Nilimjibu, "Mzee, hakuna anayedhani hivyo. Ila akishinda, yeye ndiye atakayesumbuliwa." Alitoka nje, akaagiza chai. Mpwa wake hakushinda, na hakuna aliyenong'ona.

Hesabu za alama pia zina mitego yake. Jaji mkali huipa kazi bora 6 na mbaya 3; jaji mpole huipa mbaya 7 na bora 9. Kama wote wameziona kazi zote, jumla haidhuru sana. Lakini tukiwagawia kazi ili kuokoa muda, kazi bora iliyoangukia kwa mkali inashindwa na kazi mbovu iliyoangukia kwa mpole, na hakuna aliyefanya ubaya wowote. Kwa raundi ya mwisho tuliacha alama tukachukua nafasi: kila jaji azipange tovuti tano, ya kwanza ipate 5, ya mwisho 1. Utaratibu huu unabeba jina la Mfaransa Jean-Charles de Borda wa karne ya 18, na udhaifu wake unajulikana tangu enzi zake: jaji mjanja anaweza kumzika mpinzani wa kipenzi chake kwa kumweka mkiani. Ndiyo maana sababu zilizoandikwa zina kazi. Ni vigumu kuandika, jina lako likiwa chini, kwamba tovuti nzuri ni ya tano, bila kujiaibisha.

Sasa kura za wananchi. Wadhamini wanazipenda kwa sababu zinaleta kelele. Mimi ningezifuta kesho. Mara tu ukurasa wa kura ulipofunguka, vikundi vya WhatsApp vilianza kazi: kwaya, wanafunzi wenza, ukoo mzima. Hilo si wizi, ni harambee, na tumelelewa humo. Wizi ni wa roboti, kura mia tatu ndani ya dakika moja saa tisa usiku. Fundi wetu alipendekeza dawa inayojulikana vitabuni: kila anwani ya IP, nambari inayotambulisha kifaa mtandaoni, ipige kura mara moja. Tulipoijaribu, malalamiko yalikuja mvua. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo mtu mmoja wa Kawangware akipiga kura, mwingine wa Umoja asiyemjua anaambiwa ameshapiga. Dawa ile ingewazuia wapiga kura halali wa simu na kumwacha tapeli mwenye seva za kukodi nje ya nchi akipeta.

Tukahamia nambari ya simu na ujumbe wa kuthibitisha. Hapo roboti zikapungua, na tatizo jipya likazaliwa: tulikuwa na rundo la nambari za watu. Mdhamini mmoja aliziomba kwa upole, "za kuwashukuru washiriki." Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema taarifa za mtu zitumike kwa kusudi alilokubali, na hawa walikubali kupiga kura, hawakukubali kuuziwa bima. Tulikataa, tukazifuta baada ya matokeo, tukapoteza mdhamini. Kura ya wananchi tukaiacha ibaki zawadi ya pembeni isiyogusa uamuzi wa majaji.

Matokeo yalipotangazwa, jambo nililolitarajia kutoka kwa Wakenya lilitokea. Aliyekuwa wa pili aliandika kwa herufi kubwa: FUNGUENI SEVA. Kila mtu hapa anajua msemo huo ulikotoka. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza seva za uchaguzi zikaguliwe, na tarehe 1 Septemba ikayafuta matokeo ya urais. Tangu siku hizo hata mashindano ya chapati yakibishaniwa, mtu atadai seva na mwingine Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo cha kura. Wenzangu walitaka kumpuuza. Lakini ndilo nililokuwa nimelisubiri. Tulitoa karatasi zote: jaji gani aliiweka tovuti gani nafasi gani, kwa sababu gani, nani alitoka chumbani wakati gani. Kelele zilidumu siku mbili zaidi, kisha zikageuka kuwa mazungumzo kuhusu uzito wa picha. Jamaa wa seva aliandika tena kwamba bado hakubaliani na majaji wawili kati ya watano, akaeleza kwa nini, na kwa mmoja alikuwa na hoja.

Vikombe sina mengi ya kusema. Maduka ya upande wa River Road yanachonga jina lako unaposubiri, na ukikosea herufi unalipia upya. Ukumbi ulikula pesa nyingi kuliko kila kitu kingine, chakula kikafuata.

Makundi ndiyo mtihani wa roho. Kila kundi jipya lina washiriki wake, kila mshiriki ana meza yake, na kila meza ni pesa. Mweka hazina alikuja na orodha iliyonifanya nivue miwani: tovuti bora ya kampuni ndogo, tovuti bora ya kampuni ndogo inayokua, tovuti bora inayoongozwa na kijana. Tulizipunguza hadi zikatosha kiganjani. Na kundi moja, la shule, tuliliacha bila mshindi. Kila tovuti iliyofika mwisho ilikuwa na karatasi ya karo iliyopigwa picha ikiwa imeinama, na kalenda ya muhula uliopita. Mshereheshaji alisoma, "Hakuna mshindi," akageuza kadi kuangalia kama nyuma pameandikwa kitu. Ukumbi ulinyamaza, kisha meza za nyuma zikapiga makofi. Mwaka uliofuata kundi hilo lilikuwa na ushindani mkali kuliko yote.

Barua kwa walioshindwa ziliniibia usiku nyingi, na ndiyo kazi ninayoionea fahari zaidi. Kila mmoja alipata ukurasa mmoja: nafasi yake, sababu za majaji, na mambo matatu ambayo tungeyarekebisha kwanza kama tovuti ingekuwa yetu. Dada mmoja anayefanya kazi peke yake Kayole aliandika kwamba barua ile alimpelekea mteja wake, na mteja, ambaye alikuwa amekataa kulipia marekebisho yaleyale kwa miezi, akalipa. Ninashuku kwamba wengi wanaingia sasa kwa ajili ya barua, na kikombe wanakiona kama nyongeza.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Miezi michache baada ya sherehe ya kwanza nilizipitia tovuti za washindi kwa ile simu ya Luthuli. Moja ilikuwa imerudishiwa matangazo iliyoyaficha wakati wa kuhukumiwa. Mengine yalifunika kitufe cha kulipa. Nyingine haikuwepo kabisa, jina lake la .co.ke halikuhuishwa, na kiungo chetu cha fahari kilielekea kwenye ukurasa mtupu. Siku hizi hatutangazi tarehe ya majaji kufungua kurasa, tunarudi kukagua baada ya nusu mwaka, na tunahifadhi nakala ya kila kazi siku ilipohukumiwa. Kuhifadhi nakala si urembo. Tuzo za kimataifa za miaka ya 2000 zilisifia kazi nyingi zilizojengwa kwa Flash, programu ya picha zinazosogea; Adobe ilipoacha kuihudumia mwisho wa 2020, kazi hizo hazikufunguka tena kwenye vivinjari vya kawaida. Majina ya washindi yamebaki, kazi yenyewe huioni. Tovuti yetu ikizimika tunaandika mbele ya jina "haipo hewani," na mwenye nayo hupiga simu siku hiyohiyo.

Kwa mwaka huu tunabishana juu ya mashine. Kuna mshiriki ambaye tovuti yake yote, maneno na msimbo, imeandikwa na akili mnemba, na inafunguka upesi kuliko za wengi waliokesha. Vijana wanataka iondolewe kwa sababu hakutokwa jasho. Mweka hazina anataka iundiwe kundi lake, bila shaka. Mimi naona tunahukumu ukurasa, kama tulivyowakubali waliotumia violezo vya WordPress, programu ya kujengea tovuti, bila kuwauliza walilala saa ngapi, ila mwenye nao aseme wazi ni nini kilichoandikwa na nani. Tulipomgeukia mwalimu wetu alikuwa ameshaifungua kitambo, kifaa sikioni, na hakuwa akitusikiliza.

"Vitufe vitatu havina majina," alisema. "Mwambieni aliyeiandika, awe nani."